Fyuzi Niliyoikataza Kufa

Nakumbuka siku moja ambayo mtaa wetu wa Kirumba, pale kando ya ziwa, haukunuka samaki, na mimi sikugundua. Ukisikia hivyo, mwanangu, utadhani bibi yako anatafuta kichekesho. Ngoja kwanza. Kutogundua kule nusura kuninyang'anye mtoto, na baada yake nilimwibia mzee mmoja mwema siku tisa za maisha yake. Hizo siku tisa ndizo zinazonifanya nikuite ukae hapa.

Mambo yenyewe yamekwenda mbali. Nikiyakumbuka nayaona kama mtu anayetazama kisiwa asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala ziwani: mara kipo, mara hakipo. Nyuso nyingine zimefutika. Lakini korido ya nyumba ile naiona vizuri, na sauti ya yule mzee naisikia, na joto la pasi nalihisi kwenye kiganja hiki hiki ambacho sasa kinatetemeka hata kwa kushika kikombe.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa nimevuka ziwa kwa meli kutoka upande wa Bukoba nikiwa bi harusi, na katika mizigo yangu mlikuwa na kitu ambacho wanawake wengi wa Kirumba walikuwa hawajakishika: pasi ya umeme. Kaka yangu, mwalimu, alinizawadia. Wenzetu husema sisi Wahaya tuna majivuno. Wanatuonea kidogo, lakini siku ile niliposhuka bandarini nimeikumbatia ile pasi kama mtoto mchanga, waliosema hivyo walikuwa na haki yao.

Mume wangu Fulgensi alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na msimu wa pamba ulipofika alikwenda vijijini majuma mazima. Tulipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya Mzee Mabula. Huyu alikuwa Msukuma mrefu, mkimya, aliyefanya kazi ya fundi umeme kwenye meli za ziwani mpaka akastaafu. Watu walimletea redio, taa na feni kutoka hata Mkuyuni, akazitengeneza akiwa amekaa kwenye kigoda uani, miwani ikiwa puani. Miwani yenyewe ilikuwa imefungwa uzi upande mmoja. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na hilo alilijua, na lilimtia hofu kuliko alivyokubali kusema.

Nyumba ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, katikati korido. Mlangoni, juu ya ubao mweusi, palikuwa na meni swichi na kisanduku cha fyuzi. Chini yake ilining'inia ndoo ya mchanga. Sisi wapangaji tuliicheka ile ndoo, tukisema Mzee bado anadhani yuko melini.

Sasa sikiliza desturi yake, maana hapo ndipo pana jambo.

Fyuzi ikikatika, sisi sote tulisema, "Imekufa." Na wewe husema hivyo hivyo. Gari limekufa, redio imekufa, saa imekufa. Lakini Mzee Mabula alilichukua neno lile kwa uzito wake wote. Fyuzi ikifa hakukimbilia kuweka nyingine. Alizima meni swichi, akawasha koroboi, akachomoa kile kigae cheupe cha fyuzi na kukitazama kwa huzuni, kisha akapita mlango hadi mlango akiuliza kama mtu aliyefika msibani.

"Imekufa. Imekufa na nini?"

Tukimjibu kwamba hatujui, alisema, "Basi tukae. Hatuziki kabla ya kujua kilichoua." Akaingia kila chumba, akagusa kila holda ya taa, akanusa nyaya, akauliza nani aliwasha nini. Wakati mwingine nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Wapangaji waliyaita "matanga ya Mzee Mabula." Tulikaa gizani uani tukimsengenya kwa sauti ya chini, naye alitusikia, akaendelea na kazi yake.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiiua, mwanangu. Nyumba za siku zile hazikuwa na soketi ukutani. Umeme wake ulikuwa wa taa tu. Mwenye pasi alinunua kidude cha kuchomeka kwenye holda, pale panapokaa globu, kisha waya wa pasi ukaning'inia kutoka darini. Jioni, taa zote za nyumba zikiwa zinawaka, nikiongeza na pasi yangu, fyuzi ilichoka na kukata. Mzee alipogundua hakunigombeza. Alinieleza.

"Mama Teo," alisema, maana binti yangu wa kwanza, Teopista, alikuwa amezaliwa miezi minne nyuma, "hizi nyaya ni nyembamba, ni za taa. Ukitaka kupiga pasi, piga mchana taa zikiwa zimezimwa. Jioni mwachie umeme apumzike."

"Nimesikia, Baba," nilijibu. Kusikia nilisikia.

Lakini sikukuu ya parokia ilikuwa inakaribia, na kwaya yetu ilikuwa imeshona kanzu nyeupe thelathini. Mwenyekiti wa kwaya aliuliza nani atazipiga pasi. Pasi ya mkaa ilidondosha majivu na cheche, na kanzu nyeupe haitaki utani. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza swali. Nilisema, tena kwa sauti, "Mimi ninayo ya umeme." Niliona jinsi akina mama walivyogeuka kunitazama, na utamu wa kutazamwa vile ulinilevya juma zima.

Mchana nilikuwa na mtoto, na foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika, na maji ya kuteka. Jioni ndiyo ilikuwa yangu. Jumatatu nikapiga pasi jioni, fyuzi ikafa, Mzee akaweka nyingine baada ya matanga marefu. Jumatano akaenda kwenye sala za jioni. Nikachomeka pasi. Kanzu ya pili tu, giza.

Nilisimama pale koridoni, moto wa hasira umenipanda. Nilijua Mzee akirudi ataanza kuuliza imekufa na nini, na jibu nilikuwa nalo mimi. Nilijua pia kopo lake la vifaa linakaa juu ya kisanduku. Nikazima meni swichi kama nilivyomwona akifanya, nikawasha koroboi, nikashusha kopo. Ndani palikuwa na kadi iliyozungushiwa waya za fyuzi za aina mbili. Moja nyembamba kama unywele, ambayo mafundi waliita waya wa tano, ndiyo ya taa. Nyingine nene, waya wa kumi na tano, ya mitambo mikubwa. Mafundi walikuwa na sababu za majina hayo, lakini mimi sababu sikuzijua wala sikuzitaka. Nilijiambia hivi: ng'ombe akikata kamba, unamfunga kwa kamba nene zaidi. Nikakata waya mnene, nikaufunga kwenye kigae kama nilivyomwona akifunga, nikarudisha, nikawasha.

Mwanga ukarudi nyumba nzima. Mama Kulwa, jirani yangu wa chumba cha pili, akapiga vigelegele kule chumbani kwake. Nikapiga pasi kanzu saba jioni ile, na fyuzi haikufa.

Haikufa Alhamisi. Haikufa Ijumaa. Mzee Mabula mwenyewe alifurahi. Alipita koridoni akaigonga kwa kidole, akaniambia, "Unaona, Mama Teo? Ukifuata utaratibu, haifi." Nikatabasamu. Mae waitu, kama tunavyolia sisi Wahaya, jinsi nilivyotabasamu! Na Mama Kulwa, alipoona umeme umekuwa mtiifu namna ile, akalitoa jiko lake la umeme alilokuwa amelificha chini ya kitanda kwa kuogopa matanga, akaanza kuwapikia uji pacha wake. Yeye hakujua lolote. Aliona tu kwamba siku hizi mambo yanakubali.

Jumanne ya juma lililofuata upepo ukaanza.

Ziwa letu lina siku zake za ghadhabu. Maji yaligeuka rangi ya majivu, mawimbi yakawa yanapasuka kwenye yale mawe makubwa na kurusha povu mpaka njiani. Kabla ya upepo ule niliona wale wadudu wadogo wa ziwani wakiinuka mbali majini, wingu zima, jeusi, linapanda polepole kama moshi wa kijiji kinachopika. Nilisimama dirishani na Teo mgongoni nikalitazama mpaka likapotea upande wa visiwani. Siku zile nilikuwa nimechoka, nalala kidogo, na kila kitu kilikuwa kinapita mbele yangu kama ndoto ya mchana. Kanzu nyeupe zimetundikwa kamba nzima chumbani, upepo ukipenya dirishani zinacheza, kama watu thelathini wasio na vichwa wanaonisubiri.

Na harufu ya samaki ilikuwepo. Ilianza Jumatano, kidogo. Alhamisi ikazidi. Haikuwa harufu mbaya sana, ilikuwa kama ya dagaa waliolowana. Nani Kirumba angeshangaa? Mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, palikuwa hatua chache, dagaa wakianikwa mchangani, furu wakikaushwa kwa moshi, na harufu ile tuliivaa na kuila na kulala nayo. Mgeni alishika pua siku tatu, ya nne akawa mwenyeji. Mimi nilifunga dirisha kwa ajili ya kanzu za kwaya, nikawanung'unikia wavuvi, nikaendelea na kazi. Harufu haikupungua. Dirisha nimefunga na harufu iko ndani, na sikujiuliza hata mara moja. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini anayetazama kanzu zake hatazami juu.

Ijumaa, saa tisa alasiri. Teo amelala chumba cha ndani, chini ya chandarua. Mimi niko chumba cha mbele na pasi, namalizia kanzu ya mwisho. Kupitia ukutani naisikia sufuria ya Mama Kulwa ikitokota kwenye jiko lake. Mlango wa korido uko wazi. Mzee Mabula akaingia kutoka mwaloni, kikapu mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?" Akasimama. Akainua pua. "Mama Teo, unapika samaki?"

"Hapana, Baba. Ni harufu ya mwaloni."

Alikigeuza kikapu chini juu. Hakikudondosha hata gamba.

"Mwaloni hakuna samaki," alisema. "Mitumbwi haijaingia majini tangu Jumanne. Vichanja vitupu, mchanga mtupu. Nimetoka huko sasa hivi."

Tulitazamana. Ilikuwa kitambo kifupi sana, lakini kwangu mpaka leo bado hakijaisha. Kisha mzee yule, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, alikitupa kikapu, akaruka mpaka kwenye ubao, akaishusha meni swichi kwa mikono miwili. Pasi ikazima mkononi mwangu.

"Halufu hii siyo ya samaki!" alipiga kelele, na ule ulimi wake wa Kisukuma ukizigeuza r zote kuwa l. "Ni nyaya! Ni hatali! Mtoto yuko wapi?"

Sikumbuki nilivyofika chumba cha ndani. Nakumbuka moshi mwembamba, wa rangi ya samawati, umelala chini ya dari, na doa jeusi kwenye ubao wa dari, na katikati ya doa jicho jekundu. Kutoka kwenye lile jicho kilikuwa kinadondoka kitu cheusi kama lami, tone baada ya tone, juu ya chandarua. Chandarua kilikuwa kimeshatoboka. Teo alikuwa ameamka. Hakulia. Alikuwa anatazama juu, anayafuata yale matone kwa macho, anacheka.

Nilimvuta pamoja na chandarua na shuka. Tone moja lilimfikia kisiginoni, na hapo ndipo alipolia, na kilio kile kilinipasua. Nyuma yangu Mzee Mabula alikuwa ameshaingia na ndoo ya mchanga. Alipanda juu ya kitanda changu na viatu vyake, akaung'oa ule ubao wa dari kwa mikono mitupu, ukaanguka ukiwaka, akaufukia kwa mchanga. Mama Kulwa akaleta maji. Mzee akauliza mara mbili kama swichi bado iko chini kabla ya kumruhusu kuyamwaga kule juu. Pale darini, juu ya kitanda alicholala mwanangu, ndipo nyaya za vyumba vitatu zilipoungana. Kiungo chote kilikuwa kimeyeyuka. Kile kisanduku cha plastiki ngumu kilichokifunika, pamoja na mpira wa nyaya, ndivyo vilivyokuwa vinatoa ile harufu tangu Jumatano, vikiungua polepole, saa baada ya saa, kila nilipochomeka pasi na jirani yangu akawasha jiko.

Fyuzi ingekata tangu siku ya kwanza. Ndiyo kazi yake. Wala sikuhitaji kuambiwa. Nililijua nikiwa nimesimama pale uani na mtoto anayelia kifuani.

Mzee Mabula alikwenda kwenye kisanduku, akachomoa kigae cheupe, akatoka nacho juani. Akakipeleka karibu na miwani. Akaupapasa waya kwa ukucha. Akakaa chini pale pale kizingitini.

"Ni wa kumi na tano," alisema. "Nimeweka wa kumi na tano kwenye taa."

Mwanangu, elewa vizuri kilichotokea. Kadi ilikuwa yake. Kopo lilikuwa lake. Fundi wa nyumba alikuwa yeye, na Jumatatu ile jioni aliifunga kwa mwanga wa koroboi. Hakumfikiria mtu mwingine hata kidogo. Aliyafikiria macho yake. Akavua miwani, akaitazama, akaiweka mfukoni kama mtu anayeficha aibu. Kisha aliinuka, akaja mbele yangu, mikono yake imeungua, akainama, mzee mwenye umri wa baba yangu.

"Mama Teo, unisamehe," alisema. "Nusura nikuulie mtoto."

Nami nikasema, "Si kitu, Baba. Mungu ametusaidia."

Hilo ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya. Waya niliufunga kwa ujinga na haraka. Lakini maneno yale niliyasema nikiwa na akili zangu, kwa ulimi wangu huu, kwa sababu niliogopa. Niliogopa Fulgensi akirudi ataniambia nini. Niliogopa akina mama wa kwaya. Nilikuwa mtu wa pasi ya umeme, sikutaka kuwa mtu aliyemuunguza mwanawe.

Siku ya pili Mzee alilifunga kopo lake kwa kamba, akaliweka juu ya kabati. Mtu akileta redio alimwambia, "Mpelekee kijana mwingine, mimi sioni tena." Kigoda kilibaki uani kitupu. Jioni tulikaa na koroboi, maana hakutaka kugusa tena ubao ule, na hakuna mpangaji aliyemcheka. Watu walizungumza naye polepole, kwa huruma, kama anavyozungumziwa mgonjwa. Mkewe aliniambia kwamba amekataa hata kujisomea kitabu chake cha sala, anasema herufi zinamdanganya. Na macho yake yalikuwa yale yale ya juma lililopita! Nilikuwa namwona akipapasa ukuta wa korido mchana kweupe. Alikuwa anakuwa kipofu kwa sababu mimi nilinyamaza.

Nilijaribu kulipa kwa njia za mkato. Nikampelekea uji, nikamfulia mashati, nikamtumikia kuliko binti yake. Akanishukuru. "Wabeja sana," alisema, "una moyo mzuri." Kila shukrani ilinichoma. Maziwa yalianza kunikauka. Kidonda cha Teo kisiginoni kilikuwa kinapona, na mimi nilikuwa naoza kwa ndani. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilikuwa nimefundishwa methali hiyo tangu sijajua kusoma.

Jumapili ya sikukuu ilifika, siku ya tisa. Kwaya iliimba katika kanzu nyeupe thelathini, hazina hata kunyanzi moja. Padri alizisifu kanzu. Watu wakanitazama, na utamu niliouonja zamani ulikuwa mchungu kama shubiri. Mzee Mabula alikuwa benchi la nyuma kabisa, kitabu cha sala kimefungwa magotini, mikono juu yake, anatazama chini. Wimbo uliendelea lakini mimi sikuusikia. Niliisikia sauti moja tu ikiuliza, imekufa na nini, imekufa na nini.

Tuliporudi nyumbani nilimfuata koridoni. Nikapiga magoti pale chini ya ubao, Teo mgongoni.

"Baba, waya ule niliuweka mimi. Ulikuwa kwenye sala. Nilichagua mnene kwa makusudi. Wewe hukukosea."

Nilisubiri kofi, nilisubiri kufukuzwa. Akatia mkono mfukoni, akatoa miwani, akaivaa, akalitazama zulia la jua lililoingia mlangoni, akaitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "macho yangu ni mazima?"

"Ni mazima, Baba."

Machozi yakamtoka. Ndipo nilipojua ukubwa wa nilichomchukulia. Alijikalia kizingitini, akalia kama mtoto, kisha akajifuta kwa kiganja na kunitazama, na sasa hasira ilikuwepo.

"Sikiliza, Mama Teo. Kwa waya, ulikosea. Hata melini nimewaona wasomi wakiukosea. Ukasema fyuzi imekufa, ukaona kufa ni ubovu. Fyuzi haifi kwa ubovu. Inakufa ili mtu asife. Ni nyembamba kwa makusudi. Wewe uliikataza kufa, na kifo kikaenda kutafuta pengine pa kupita. Hilo nimekusamehe. Lakini kuninyamazia! Umenizika siku tisa nikiwa hai, na hukuuliza nimekufa na nini, maana ulijua."

Akaniagiza nishushe kopo. Akaifungua ile kamba, akatoa kadi, akanipa mimi, siyo yeye, nikate waya mwembamba na kuufunga kwenye kigae, naye amesimama kando anaelekeza. Mara tatu nilikosea, mara tatu akanifungulisha. Kile kiungo cha darini alikitengeneza upya mwenyewe, na Mama Kulwa alilirudisha jiko chini ya kitanda. Fulgensi aliporudi nilimweleza yote kabla hajavua viatu. Alikasirika, akanyamaza siku mbili, kisha yakaisha. Niliyoyaogopa yote yalichukua siku mbili tu.

Sasa mwanangu, umeme wa siku hizi umebadilika. Kwenye nyumba yako mpya sijaona kigae cheupe, nimeona breka zimepangwa ukutani kama meno, na fundi amekuambia zinajirusha zenyewe. Vizuri. Lakini nilikusikia juzi ukisema ile ya taa inajirusha ovyo na kwamba kuna kijana atakuja kuibadilisha akuwekee kubwa zaidi. Ndiyo maana nimekuita. Usimruhusu. Breka ya taa ni ya nyaya za taa. Ikiwa kubwa kuliko nyaya, nyaya ndizo zitakazokuwa fyuzi, tena darini, mahali usipoona. Ikijiangusha usiirudishe kwa hasira, wala usiifunge kwa gundi isishuke. Uliza imejiangusha kwa nini. Pasi na jiko viwe na njia yao, taa ziwe na yake. Ukisikia harufu usiyoielewa, zima kwanza, aibu ya kukosea itapita. Na ukikaa gizani siku mbili ukimsubiri fundi anayejua kazi, kaa. Giza halijawahi kumuunguza mtoto.

Hayo ni ya ukutani. Ya moyoni ni haya: ukikosea, kata mapema. Sema siku ile ile, ungali mdogo ule waya wa kosa. Ukilinenepesha kwa kunyamaza, moto utapita kwa mtu mwingine, na mara nyingi atakuwa yule asiyekushuku. Mzee Mabula aliishi miaka mingi baada ya hapo, akatengeneza redio za watu mpaka mwisho, na kila tulipoonana alinisalimu kwa furaha. Alikuwa amesahau. Mimi ndiye sikusahau, na sitaki kusahau.

Nenda sasa, mwanangu. Nyumba yako iwe na mwanga, na mwanga huo uwe na mpaka wake. Wanao walale usingizi mzito na dari yao iwe baridi. Mungu akupe jirani mwenye pua kali na moyo mpole, wa kukuuliza unapokosea. Nawe akupe ulimi wa kumjibu siku hiyo hiyo, isiwe siku ya tisa.